Waya wa mtandao nyumbani unasumbua: kutafuta ubovu kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida. Ruta ya faiba iko sebuleni, waya mmoja umepanda hadi chumba cha kazi, mwingine umeingia nyuma ya televisheni, na labda wa tatu umevuka uani kwenda nyumba ndogo ya nyuma. Wi-Fi haina shida, lakini kilichochomekwa kwa waya kinakatakata, kinasuasua au hakipati mtandao kabisa. Kama simu iliyo kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo inafungua kurasa bila taabu, usipoteze salio kumpigia mtoa huduma. Faiba yake imefika salama. Kilichoharibika kiko upande wako wa ruta.

Ubovu wa nyumbani hukaa kwenye vichwa vya waya mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Waya uliolala ndani ya bomba la ukutani hausumbuliwi na mtu. Ncha zake ndizo zilizomenywa, zikabanwa harakaharaka na fundi anayewahi saiti nyingine, kisha zikavutwa kila mara meza ilipohamishwa. Kwa hiyo usianze kwa kubomoa ukuta.

Vya kuwa navyo

Testa ya taa nane, ile yenye vipande viwili vinavyoachana. Koleo la kubania vichwa. Vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vinavyobanwa kwenye ncha za waya) kumi, kwa sababu viwili vitatu utaviharibu. Kisu kidogo chenye makali. Multimita ukiwa nayo, hata ile ya bei ya chini kabisa.

Na waya mmoja mfupi, wa mita 1 au 2, unaojua kwa hakika kuwa ni mzima. Huu una thamani kuliko testa. Chukua uliobanwa kiwandani, ambao kichwa chake kimefunikwa kwa plastiki iliyomiminwa pamoja na ganda. Usichukue uliobanwa dukani mbele yako. Uzungushie selotepu nyekundu, uandike MZIMA, na usimwazime mtu.

Hatua ya 1: Zima Wi-Fi kwenye kompyuta

Laptopu ikikosa waya hurukia Wi-Fi kimyakimya. Utahangaika nusu saa ukiona "mtandao upo, mtandao haupo", kumbe unapima kitu kingine kabisa. Izime, na uiache imezimwa hadi mwisho wa kazi.

Hatua ya 2: Igawe njia vipande viwili

Chukua laptopu, isogeze karibu na ruta, iunganishe kwa ule waya MZIMA kwenye tundu lilelile linalotumiwa na waya unaosumbua. Ikifanya kazi vizuri, ruta na tundu lake vimetoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Isipofanya kazi, hamia tundu la pili. Tundu moja likiwa limekufa na mengine yakiwa hai, hasa baada ya msimu wa radi, dawa yake ni kuliziba kwa selotepu na kutumia mengine.

Kisha fanya kinyume chake: laptopu ileile, ichomeke kwenye mwisho wa waya mrefu kule chumbani. Ubovu ukirudi, unao mkononi: ni waya, kichwa, au tundu la ukutani. Ubovu usiporudi, basi kilichoharibika ni kifaa kilichokuwa kimechomekwa pale, iwe televisheni, dekoda au kompyuta ya mezani.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Mtu akibadilisha waya, tundu na kifaa kwa mpigo mmoja, halafu mambo yakakaa sawa, hajui alichotibu, na wiki ijayo ataanza upya.

Angalia pia kinachoanguka. Vifaa vyote vilivyo kwenye swichi (kile kisanduku kinachogawa waya mmoja wa mtandao kwa vifaa vingi) vikikatika kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, acha waya, shika adapta ya umeme ya swichi. Adapta iliyochoka huacha taa ikiwaka huku volti zikishuka kila kazi inapoongezeka, na swichi inajizima na kujiwasha. Nunua nyingine yenye volti zilezile zilizoandikwa nyuma ya swichi. Ampea zikizidi si neno. Volti zikizidi, swichi ya volti 5 ukiipa 12 umeizika.

Hatua ya 3: Soma spidi ya kiungo

Hapa hatuzungumzii spidi ya bando. Tunataka kujua kompyuta na ruta zimekubaliana spidi gani kwenye waya wenyewe.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `ncpa.cpl`, kisha bofya mara mbili Ethernet. Angalia mstari wa Speed. Kwenye Linux tafuta jina la kadi ya mtandao kwa `ip link`, halafu andika `sudo ethtool enp3s0` ukiweka jina ulilolipata.

Ikisoma 1.0 Gbps, jozi zote nne (nyaya nane za rangi zilizo ndani ya ganda, mbilimbili) zinapitisha ishara, ingawa bado hatujasema zinapitisha vizuri. Ikisoma 100 Mbps wakati pande zote mbili zina uwezo wa Gigabit (yaani hiyo 1.0 Gbps), kuna jozi imekufa au inaumwa. Ikisoma 10, waya au tundu viko hoi, isipokuwa kama kompyuta imelala, maana nyingi hushuka hadi 10 zikiwa usingizini.

Kabla ya kulaumu waya kwa 100, kagua matundu ya ruta. Ruta nyingi za faiba zinazogawiwa majumbani zina tundu moja la Gigabit na mengine ya 100. Penye GE ni Gigabit, penye FE ni 100. Pasipo na maandishi, rudi hatua ya 2 na usome spidi ukitumia waya MZIMA.

Sasa kwa nini 100? Kichwa kina meno manane, lakini spidi ya 10 na ya 100 hutumia manne tu: 1, 2, 3 na 6. Gigabit hutumia yote manane. Waya wa bluu au wa kahawia ukikatika, yale manne ya lazima bado yapo na mtandao unapatikana kwa 100. Na mazungumzo ya kukubaliana spidi nayo hupita kwenye meno hayohayo, 1-2 na 3-6. Kwa hiyo pande mbili zinaweza kukubaliana "twende Gigabit" kupitia nyaya nzima, zikajaribu, zikakwama kwenye jozi iliyokufa, zikaanza tena mazungumzo. Vifaa vingine hujaribu mara chache kisha hujishusha hadi 100. Vingine havina akili hiyo: taa ya tundu inawaka sekunde chache, inazima, inawaka, inazima, hadi uchomoe. Ukiona taa inayumba namna hiyo, tafuta kwanza bluu na kahawia. Ikiwa taa haiwaki kabisa, tafuta machungwa na kijani.

Mwenye bando la Mbps 20 atauliza 100 inamuumiza nini. Kwa leo, haimuumizi. Lakini jino lisilogusa vizuri leo kwenye bluu lipo kwenye kichwa kimoja na meno ya machungwa, na yote yalibanwa na mkono mmoja.

Kuna mtego mmoja hapa. Usiende kwenye mipangilio ya kadi ukalazimisha "100 Mbps Full Duplex" ili taa itulie. Upande mwingine ukiwa bado kwenye kujipangia, hautapata jibu la mazungumzo, utagundua spidi lakini utajiweka kwenye kupokezana, yaani kusema na kusikia kwa zamu. Upande mmoja unasema wakati wowote, mwingine unangoja zamu. Ping (kutuma pakiti ndogo za majaribio na kungoja jibu) itapita safi, faili kubwa itatambaa kama konokono. Iache kwenye Auto Negotiation, pande zote.

Hatua ya 4: Piga ping ya ndani

Kwenye Windows, fungua Command Prompt na utafute namba ya ruta kwa `ipconfig`, pale penye Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Ukikuta kompyuta imejipa namba inayoanza na 169.254, haikupewa anwani na ruta: ama waya haupitishi, ama ruta imeacha kugawa anwani.

Piga ping ndogo na kubwa:

`ping -n 200 192.168.1.1`
`ping -n 200 -l 1472 -f 192.168.1.1`

Ya pili inapeleka pakiti iliyojaa kabisa, kwa sababu 1472 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Waya wenye kelele hupitisha vipande vidogo na kuangusha vikubwa, hivyo ping ya kawaida ikisema salama usiridhike. Ndani ya nyumba, kwa waya, pakiti zilizopotea ziwe 0 katika 200 na muda uwe chini ya milisekunde 1 au karibu na hapo. Zikipotea hata 2, kuna ubovu. Wi-Fi husamehewa, waya hausamehewi.

Kwenye Linux, `ip -s link` inaonyesha makosa ya kupokea. Yasome, nakili faili ya GB 2, yasome tena. Yakipanda, waya unaharibu data njiani.

Hatua ya 5: Testa, na jinsi inavyodanganya

Hatua hii ndiyo inayokula siku nzima, kwa hiyo nitakaa hapa.

Testa ya taa nane inafanya kazi moja: inapitisha umeme mdogo kwenye waya namba 1, kisha 2, hadi 8, na taa ya upande wa pili inawaka kwa zamu. Taa isiyowaka ina maana waya umekatika au jino halijafika kwenye shaba. Taa mbili zikiwaka pamoja, nyaya zimegusana. Zikiwaka 3, 6, 1, 4, 5, 2, 7, 8, ncha moja imebanwa kwa mpangilio A wa rangi na nyingine kwa B (nitaieleza chini). Vifaa vya leo hujirekebisha vyenyewe, lakini ibane upya ili usimsumbue atakayekuja. Taa ya tisa, G, ni ya waya wenye ganda la chuma. Kwenye waya wa kawaida haiwaki, na hilo si kosa.

Kila taa ikiwaka vizuri watu wengi hukunja vifaa na kusema waya ni mzima. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu testa hii ina uongo wa aina mbili.

Wa kwanza ni mguso dhaifu. Testa haijali kama mguso ni imara au ni wa nywele moja, taa itawaka. Kwa hiyo wakati taa zinazunguka, shika kichwa, usukume waya ndani, uvute kidogo, upinde kushoto, upinde kulia. Fanya hivyo ncha zote mbili, na kwenye kila tundu la ukutani. Taa ikipepesa hata mara moja, kata hicho kichwa. Usijaribu kukibana mara ya pili kwa koleo ukitumaini kitakaa. Kinakaa wiki mbili. Na kabla ya yote weka betri mpya kwenye testa, maana betri iliyokwisha hutoa taa hafifu zinazofanana na waya mbovu.

Uongo wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hata ukitikisa hadi kesho taa zitawaka. Ni jozi zilizotenganishwa.

Ndani ya ganda kuna jozi nne zilizosokotwa. Kusokotwa kule hakukuwekwa kwa urembo. Kila jozi inabeba ishara moja kwa nyaya mbili, mmoja ukipanda mwenzake anashuka, na kelele ikizipiga zote mbili sawasawa inafutika upande wa kupokea. Ukichukua waya mmoja kutoka jozi hii na mmoja kutoka jozi ile ukawapa ishara moja, hawajasokotwa pamoja, kelele haifutiki, na zaidi ya hapo kila mmoja anamwagia ishara mwenzake wa kweli aliyesokotwa naye.

Kwenye kichwa, jozi hukaa hivi: 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Tazama 3 na 6. Hawako jirani, wamemkumbatia 4 na 5 katikati. Hii ni deni la simu za mezani: kichwa cha simu hutumia meno ya katikati, hivyo jozi ya bluu iliachiwa katikati na jozi nyingine ikalazimika kukaa pembeni yake, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule.

Asiyejua hilo hupanga kwa macho: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Inapendeza, kila rangi na ndugu yake. Akifanya hivyo ncha zote mbili, testa itahesabu 1 hadi 8 bila kukosea. Lakini sasa meno 3 na 6 yana nyeupe-kijani na bluu, na 4 na 5 yana kijani na nyeupe-bluu. Jozi mbili zimechanwa.

Waya wa mita 2 uliobanwa hivyo unaweza kufanya kazi miaka bila mtu kujua. Wa mita 20 au 30 utaanza vituko: taa inawaka, wakati mwingine 1.0 Gbps, wakati mwingine 100, kurasa ndogo zinafunguka, video inakwama, simu ya picha inaganda, ping ndogo ni salama na ile ya 1472 inaangusha. Mtu atabadilisha ruta, atabadilisha kadi, ataweka Windows upya. Multimita nayo haitamsaidia, kwa sababu kila waya umefika unakotakiwa. Testa za gharama kubwa zinazopima kelele kati ya jozi huugundua ugonjwa huu mara moja, lakini huhitaji kuikodi. Unahitaji macho.

Shika kichwa ulimi wa plastiki ukiwa chini, waya ukija kwako. Namba 1 iko kushoto. Soma rangi kupitia plastiki, ukitumia tochi ya simu. Mpangilio B, ambao ndio nautumia kila mahali, unasomeka hivi:

1 nyeupe-machungwa
2 machungwa
3 nyeupe-kijani
4 bluu
5 nyeupe-bluu
6 kijani
7 nyeupe-kahawia
8 kahawia

Njia ya haraka: angalia namba 4. Ikiwa kijani, umeshampata mwizi. Mpangilio A ni huohuo ila machungwa na kijani vimebadilishana nafasi. Bluu na kahawia havisogei. Kwa hiyo kwa A au kwa B, namba 4 ni bluu daima.

Waya wa bei ya chini unaongeza mtego wake. Nyeupe zake hazina mstari wa rangi, zote nne ni nyeupe tupu, na ukishazisokotoa hujui ipi ni mke wa nani. Hapo fungua jozi moja kwa wakati: zitenganishe machungwa na nyeupe yake, zinyooshe, ziweke mahali pake, kisha nenda kwenye inayofuata. Ukifungua zote nne kwa pamoja ukapotea, kata sentimita tatu uanze upya. Kukisia hapa ndiko kunakozaa jozi zilizochanwa bila mtu kukusudia.

Wenye multimita wanaweza kupima zaidi. Kwenye waya usio na vichwa, ncha ya mbali, sokota pamoja nyaya mbili za jozi moja ya bluu, kisha pima ohmu ncha ya karibu. Gusanisha kwanza pini za multimita zenyewe uone zinasoma ngapi, utoe hiyo. Waya wa shaba wa Cat5e (daraja la kawaida la waya wa mtandao) wenye unene wa AWG 24 (kipimo cha unene wa nyaya) una takriban ohmu 17 kwa mita 100 za kwenda na kurudi, yaani mita 20 zisome karibu 3.4. Rudia kwa jozi zote nne. Zinapaswa kukaribiana. Jozi moja ikisoma 3.5 na nyingine 9, hiyo ya 9 ina jeraha mahali. Zote zikisoma 5 na zaidi kwa mita 20, waya wako si shaba tupu.

Ili uhakikishe, kwaruza waya mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona fedha chini ya ngozi nyekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na umeshapata sababu ya vichwa vyako kulegea kila baada ya miezi kadhaa: alumini hukatika ikipindwa mara chache, na jino la kichwa huiuma vibaya. Maboksi yake ya mita 305 yamejaa madukani na huandikwa Cat6 (daraja lililo juu ya Cat5e) bila haya. Kuyatambua ni rahisi, ni mepesi kuliko yanavyopaswa. Sitaki kuona waya huu kwenye kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao, kwa sababu unapoteza volti njiani na kupata joto.

Hatua ya 6: Bana kichwa kipya

Namna ya kubana imeonyeshwa kila mahali, nitataja tu yanayoharibu.

Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye jino. Ganda la nje lazima liingie ndani ya kichwa na kushikwa na kile kibanzi cha plastiki. Ukiona nyaya za rangi zimechungulia nje, kata urudie. Nyaya zote nane ziguse ukuta wa mbele wa kichwa kabla hujabana, na uzione vitone nane vya shaba ukitazama kwa mbele. Ukimenya ganda, pinda ncha uangalie kama kisu kimekata ngozi ya waya mmoja. Jeraha dogo hapo ndilo linalokuja kukatika mwezi wa tatu.

Vichwa vya Cat5e na waya wa Cat6 havipatani vizuri, kwa sababu nyaya za Cat6 ni nene zaidi na huingia kwa kulazimishwa. Nunua vichwa vya Cat6. Vile vyenye matundu ya kutokea mbele vinasaidia kusoma rangi kabla ya kukata, lakini vinataka koleo lake maalumu lenye wembe mkali. Wembe ukiwa butu, shaba inabaki imechomoza na nyaya zinagusana. Mimi hutumia vile vilivyofungwa.

Kama waya unaishia ukutani, usibane kichwa pale. Gonga kwenye tundu la ukutani, lina maisha marefu. Tundu hilo lina rangi za A na B zimechorwa ubavuni. Fuata za B, na ujue mpangilio wa ubavuni haufanani na wa kichwa, kwa hiyo fuata mchoro, usifuate kumbukumbu. Nyaya zigongwe kwa chombo chake. Anayezisukuma kwa bisibisi bapa hufungua ule mdomo wa chuma, na mdomo uliofunguka haufungi tena.

Hatua ya 7: Ukilazimika kuingia katikati

Vichwa vipya ncha zote mbili, rangi sahihi, na bado 100 au pakiti zinapotea? Sasa fuata njia ya waya.

Tafuta kwanza kiungo cha siri: mahali ambapo waya ulikuwa mfupi, fundi akasokota rangi kwa rangi na kufunga selotepu. Huwa juu ya dari au ndani ya kisanduku cha swichi ya taa. Kata, weka vichwa viwili na kiunganishi cha kike kwa kike, au vuta waya mpya, ambalo ndilo ningefanya. Halafu tafuta meno ya panya darini, msumari wa fremu ya picha, na pale waya ulipopindwa kwa pembe kali kama karatasi. Tazama pia kama umepita bomba moja na waya wa umeme. Uachanishe angalau sentimita 20, na pale ambapo lazima vipishane, vipishane kwa msalaba.

Uani kuna mambo mawili. Jua hupasua ganda la waya wa ndani, mvua inaingia, na maji husafiri ndani ya ganda hadi kwenye tundu la chumbani, hivyo unakuta kutu mahali pakavu kabisa. Nje tumia waya wa nje wenye ganda jeusi, na uache ushuke kama kitanzi chini ya tundu la ukuta kabla haujaingia, ili maji yadondoke hapo. Kwa wa Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani hufanya kazi hiyohiyo hata bila mvua: meno ya kichwa yakiwa na unga wa kijani, kisafishe kwa spiriti leo, lakini panga kukibadilisha.

La pili ni radi. Shaba iliyovuka kutoka nyumba kubwa hadi ya nyuma hukusanya umeme hata radi isipopiga nyumbani kwako, na huua tundu la ruta upande mmoja na kadi upande wa pili. Kwa walio kuzunguka Ziwa Viktoria, kuanzia Kampala hadi Mwanza na Kisumu, ambako radi ni nyingi kuliko karibu popote duniani, jibu langu ni moja: vusha kwa faiba na vigeuzi viwili vya shaba-kwa-faiba, kimoja kila upande. Glasi haipitishi umeme.

Hatua ya 8: Waya ni mzima, mtandao bado ni mgonjwa

Yapo mawili ya kukagua haraka. Taa zote za swichi zikipepesa kwa pamoja kama zimepagawa na nyumba nzima imekufa, mtu amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja. Chomoa waya mmoja mmoja hadi zitulie.

Na kama baadhi ya kompyuta zinapata anwani za 192.168.0 wakati ruta yako ni 192.168.1, kuna ruta ya zamani iliyofanywa swichi huku bado inagawa anwani. Ingia ndani yake, zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, na utumie matundu yake ya LAN (ya vifaa vya ndani ya nyumba) peke yake.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kurudisha kava

Weka `iperf3`, programu ya kupima spidi ya kiungo, kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya MZIMA na nyingine mwisho wa waya uliotibiwa. Upande mmoja `iperf3 -s`, mwingine `iperf3 -c` na namba ya wa kwanza, `-t 60`. Kiungo cha Gigabit kilichopona hutoa karibu Mbps 940, cha 100 hutoa karibu 94. Dakika ya kwanza ikipita, iendeshe tena huku ukiutikisa waya kwenye kila kichwa. Namba isiposhuka, andika kwenye ncha zote mbili waya unaelekea wapi, kisha funga skrubu za kava.